Nyumba unayo, raha huna: shifti usiongeze kwanza

Pole dada. Umesema uko Dallas, Marekani, unahudumia wazee, nyumba ya mkopo wa miaka 30 unayo, wali wa jana unaulia garini kati ya kazi moja na nyingine, na bado moyo mzito. Unauliza kama uongeze shifti za wikendi. Mimi nasema hapana.

Pesa siidharau, anayesema haina maana hajawahi kudaiwa kodi ya nyumba. Lakini mwaka 2023 watafiti Daniel Kahneman na Matthew Killingsworth walitoa utafiti uliofanywa kwa Wamarekani: kwa wengi raha huendelea kupanda kadiri kipato kinavyopanda, ila kwa wale wenye huzuni zaidi, kipato kikifika kama dola 100,000 kwa mwaka nyongeza haiwasaidii sana. Jiulize kwa ukweli, huzuni yako ni ya bili au ni ya kukosa watu?

Huko sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ukingoja kupumzishwa utangoja sana (na mikopo ndiyo hiyo). Basi Jumapili usiiuze. Pika pilau, ualike hata yule mwenzako wa kazini usiyemjua vizuri. Nyumbani waambie kiasi kimoja cha kutuma kila mwezi, usibadilishe kila simu inapolia.

Na ukiona hulali au unalia bila sababu, mwone daktari mapema; uliza kama bima yako inalipia ushauri nasaha.