Usilipe hiyo Ijumaa: jibu kwa mleta mada anayetaka kuchapa riwaya nakala 2,000

Usilipe. Hata kama umeshamwahidi, usilipe.

Kwa waliochelewa kufika: mleta mada ana mswada wa riwaya yake ya kwanza, kurasa 240. Kuna jamaa wa Kariakoo anayejiita mchapishaji kampa ofa ya nakala 2,000, nusu ya hela iwe imeingia kabla ya Ijumaa, na mwenzetu anataka kukopa ili awahi. Chini kabisa kaongeza maswali: sura za mwisho zinamsumbua azimalizie vipi, na kazi ailinde vipi isiibiwe. Yaani sura za mwisho hazijakaa sawa lakini siku ya mashine ishapangwa! Hapo ndipo presha iliponipanda.

Mkuu, mimi nilichapa hizo 2,000. Riwaya ya upelelezi, kava jekundu, bastola na mwanamke aliyetupa mgongo. Msinicheke, kava lilikuwa wazo la jamaa aliyenichapia. Kila nakala shilingi 4,500, jumla milioni 9, na milioni 9 sikuwa nazo. Niliuza kiwanja Chanika, nikachota kwenye kikoba cha mke wangu, kilichobaki nikajazia kwa mkopo wa aina ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Damu ilikauka kweli.

Nikueleze huyo jamaa yangu alivyonipata, maana nina hakika hesabu ni hiyo hiyo uliyopigiwa na wewe. Alitoa simu, akafungua kikokotoo. Kitabu utauza elfu 10, zidisha kwa 2,000, milioni 20. Toa milioni 9 zangu. Faida yako milioni 11. Akaigeuza simu niione ile namba, akanyamaza. Nikamuuliza, je, nikianza na nakala 300? Akasema hizo zitaangukia kwenye 8,500 kila moja, "utajinyonga mwenyewe, kaka, mia tatu ni za waoga."

Ubaya ni kwamba hapo hakudanganya. Mashine za ofseti, zile za kuchapa kwa wingi, zinahitaji pleti, yaani mabati yenye kurasa zako, na gharama ya kutengeneza pleti na kuiandaa mashine ni ile ile, uchape 300 au 3,000. Kwa hiyo kadiri nakala zinavyoongezeka, bei ya nakala moja inashuka. Ni kweli tupu. Ila bei ya nakala moja ni habari yake yeye. Wewe unayekopa habari yako ni jumla. Nakala 300 kwa 8,500 ni milioni 2 na laki tano na nusu. Ikizama hiyo, utanuna, utakula maharage miezi kadhaa, maisha yataendelea. Milioni 9 ikizama, utaanza kupita njia ya nyuma ukirudi nyumbani ili mama mwenye kikoba asikuone. Na kuna mashine za kidijitali zisizotumia pleti kabisa, unaweza kuchapa hata nakala 50. Nakala moja itakuwa ghali, sawa, lakini ni 50! Hilo hakunitajia. Kwa nini anitajie wakati anakula kwenye wingi?

Halafu kile kikokotoo kilikuwa na kosa moja dogo tu: kilidhani vitabu 2,000 vimeshanunuliwa.

Nenda duka lolote la vitabu mjini na riwaya ya mtu asiyejulikana. Wakikukubalia, watachukua kumi, ishirini, kwa mali kauli. Kikiuzwa ndiyo unalipwa, na kabla ya kulipwa wanakata sehemu yao, kwangu ilikuwa asilimia 35. Siwalaumu, na wao wana kodi ya pango. Maduka yetu mengi yanaishi kwa vitabu vya shule, na ukienda Januari utawakuta wazazi wamepanga foleni na orodha mkononi, hakuna hata mmoja ambaye orodha yake ina jina lako. Nikajaribu wale wanaopanga vitabu chini pale Posta. Wakakipima kwa jicho wakasema elfu 2 kila kimoja, uache vyote. Mimi gharama 4,500. Nikaondoka kwa hasira, na miezi kadhaa baadaye nikarudi kwa heshima zote kuuliza kama ile elfu 2 bado ipo. Haikuwepo.

Uzinduzi je? Nilifanya. Ukumbi, pilau, mgeni rasmi. Mgeni rasmi akasimama akasema yeye binafsi ataninunulia nakala 100 azigawe kwa vijana, watu wakapiga makofi mpaka mama yangu akatoa machozi. Zile 100 bado zipo, nimezitenga kabisa, boksi lake limeandikwa MHESHIMIWA. Rafiki zangu nao walinunua, mmoja mmoja, wakapiga picha na kitabu, wakanisifia. Hakuna aliyesoma. Nimejuaje? Subiri.

Maboksi yalikaa sebuleni, Kimara. Mke wangu akayatandikia kitenge, juu akaweka televisheni. Masika ilipoingia maji yakapita chini ya mlango, safu ya chini yote ikavimba. Huo ni mwezi ambao mkopo ulikuwa unataka rejesho kila Jumatatu.

Sasa lililoniuma kuliko hela. Kuna mlinzi wa jengo tulilokuwa tunafanyia kazi, zamu ya usiku. Nilimpa nakala bure kwa sababu nilikuwa nazo nyingi kuliko marafiki. Walinzi wanasoma, wakuu, usiku ni mrefu. Siku ya tatu ananisimamisha getini: "Kaka, kitabu kitamu. Ila yule mzee si alizikwa kule mwanzoni? Mbona huku mbele anapokea simu?"

Nikacheka. Nikapanda juu, nikafungua. Ukurasa wa 62 kazikwa, na sanda nimeieleza kwa urefu. Ukurasa wa 171 anapokea simu, anasema "hallo", anatoa na maagizo. Sikuwa na maelezo. Nilibadilisha mpangilio wa sura nikasahau kumuua upya. Mlinzi wa usiku ndiye mtu wa kwanza duniani kukisoma kitabu changu mpaka mwisho, na alikisoma nakala 2,000 zikiwa zimeshachapwa!

Na hapa ndipo ninapomtafuta yule jamaa kwa tochi. Kwenye ankara yake kulikuwa na mstari unasema "uhariri", laki 4. Kila nikimuuliza alisema mhariri wetu amepitia, kafurahi sana. Huyo mhariri sijawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Nahisi ndiye marehemu mwenyewe, na angalau marehemu alipokea simu. Nilipompigia jamaa kuhusu ukurasa wa 171 akaniambia wasomaji wa Kiswahili hawaangalii mambo madogo madogo. Mtu anayekula kwa vitabu anawadharau wanaosoma kiasi hicho! Nikachapa vikaratasi vya masahihisho, "aliyepokea simu ni mdogo wake marehemu", tukakaa mimi na mke wangu usiku tunabandika kwa gundi. Tulifika boksi la nne akaenda kulala bila kuniaga.

Simwachi pia yule mhamasishaji wa semina za hotelini. "Wewe mwenyewe usipowekeza kwenye ndoto yako, nani atawekeza?" Mzee, wewe tulikulipa kiingilio mlangoni kabla hujafungua mdomo. Ungetufundisha hilo tu, tungekuwa mbali.

Sheria yangu ni moja, na nitaisema hadi mnichoke: MSOMAJI ASIYEKUJUA ATOE HELA KWANZA, NDIPO WEWE UTOE. Mama yako hahesabiki. Mchumba hahesabiki. Wa ofisini anayetaka umsainie likizo hahesabiki kabisa. Nasema mtu ambaye hakujui sura, hakudai wala humdai, na yuko tayari kuachia hata buku moja ili ajue kilichofuata.

Utampata wapi? Mbona wapo tele kwenye simu yako. Watanzania tumekulia kwenye hadithi za mfululizo za magazetini, ile "itaendelea wiki ijayo" inayokukata maini. Siku hizi zimehamia WhatsApp na Facebook, na watu wanalipia. Fungua kundi, weka sura tatu bure, ya nne sema ni shilingi 1,000 kwa wiki nzima, weka Lipa Namba. Kisha nyamaza, usijieleze, uangalie. Saa nne usiku ukiona mtu usiyemjua anaandika "mwandishi, ya leo iko wapi?" basi una hadithi. Ukiona kimya, jua wamelala, na wamelala sehemu maalumu ambayo unaweza kuitafuta.

Kazi yangu ya pili niliipitisha huko. Kundi lilinyamaza sura ya pili. Nikaudhika, nikasema watu hawajui fasihi. Kurudi kuisoma, sura nzima nimeieleza Bahari ya Hindi, mawimbi, machweo, mnazi mmoja mmoja. Watu wa Dar hawa, wengine wanavuka na pantoni Kigamboni asubuhi na jioni, mimi nawauzia maji. Nikaikata ikabaki aya moja, mwili ukakutwa mapema, kundi likaamka. Hakuna mhariri hewa wa laki 4 ambaye angeniambia hivyo. Hela niliyopata humo haikujenga nyumba, ila ndiyo iliyolipa uchapaji wa nakala chache za mwanzo, na mhariri wa kweli, mwalimu mstaafu anayenirudishia karatasi zimejaa wino mwekundu hadi pembeni.

Kuna jambo jingine ambalo jamaa wako hawezi kukwambia, na mimi niligundua nikiwa nimeshachelewa. Mswada ambao haujachapwa una thamani yake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa tangu 2023, inataka miswada. Ile ya Safal-Cornell, iliyoanza kama Mabati-Cornell mwaka 2014, nayo imekuwa ikipokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika kabla hujaweka kazi popote, hata kwenye kundi, maana ukishachapa kuna milango inajifunga. Na wachapishaji wa kweli wapo hapa hapa mjini. Wanachukua muda mrefu kujibu, wengine hawajibu, utakata tamaa mara mbili kwa mwezi. Ila kipimo ni rahisi: mchapishaji wa kweli akiipenda kazi yako, anagharamia yeye. Anayeanza kwa kukuuliza utalipa lini anakuuzia uchapaji, basi, hata angevaa suti.

Akikuambia pia kwamba ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ni hadi "connection" yake, mkatalie. Namba hiyo inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nenda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed uulize mwenyewe. Wizi wa kazi, nao usikunyime usingizi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika, na ukitaka ushahidi wa ziada sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tunza na rasimu zako za zamani zenye tarehe. Mimi natamani mtu angeniibia, angebeba na maboksi.

Sura za mwisho: wape wasomaji hapo ulipofika. Watakuambia wanasubiri nini, nani wanataka akamatwe, nani wanamhurumia. Ukigundua hawasubiri chochote, ugonjwa hauko mwishoni, uko huko sura ya tatu, na hutautibu kwa kuongeza harusi.

Na usinielewe vibaya. Kurasa 240 si mchezo. Humu ndani kuna watu wana riwaya kichwani tangu enzi za kadi za simu na hawajaandika hata ukurasa. Wewe umekaa, umeandika, na uzi wako tu nimeusoma wote bila kuruka mstari, kwa hiyo mkono unao. Ndiyo maana naumia kuona unaukimbiza kwa tarehe ya mtu mwingine. Ofa ya Ijumaa itakuwepo Ijumaa ijayo na ile nyingine, mimi mwenyewe yangu ilikuwa "ya mwisho" na wenye zao za mwisho nimekutana nao wengi tangu hapo.

Kama umeshatoa kianzio, usianze kugombana naye kwenye simu. Nenda kesho asubuhi wakifungua, ubebe risiti, umuulize swali moja: pleti zimeshatengenezwa? Kama bado, hajachapa kitu, mwambie unashusha oda iwe nakala 100 za kidijitali na hicho kianzio kihesabiwe humo, aandike na asaini. Kama anasema zimeshatengenezwa, mwambie akuonyeshe. Pleti ni bati, linashikika kwa mkono. Asipoweza kukuonyesha, bado hela yako iko mfukoni mwake, na usiondoke pale hadi akuandikie.