Usiipulizie Lemna Sumu, Ivune

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mkuranga aliniandikia kwamba bwawa lake la perege limefunikwa na majani madogo ya kijani, madogo kuliko punje ya dengu, hadi maji hayaonekani, na kwamba muuza pembejeo amemshauri apulizie dawa ya kuua magugu. Nilimjibu usiku uleule asipulizie chochote. Anastahili maelezo marefu zaidi ya hayo, kwa sababu ushauri huohuo niliwahi kupewa mimi hapa Mvomero, mbele ya majirani, na mtaalamu aliyesimama ukingoni mwa bwawa langu akaniita mfugaji mchafu. Neno lile halijanitoka moyoni.

Majani hayo ni lemna. Si gugu maji lililoanza kulisumbua Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ingawa wengi huichanganya nalo. Lemna ni kibapa kidogo kinachoelea, chenye mzizi mmoja mwembamba unaoning'inia majini, na huzaana kwa kuchipuza kibapa kipya ubavuni. Maji yakiwa ya uvuguvugu, yametulia na yana rutuba nyingi, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu. Chakula inachokipenda zaidi ni amonia, ileile inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki bila kuliwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, bwawa lililofunikwa hivyo limekwisha kukueleza kwamba samadi imezidi, au pumba inaozea chini, au maji ya banda la kuku yanatiririkia humo.

Hatari ipo, nami siifichi. Utando uliofunga bwawa zima huzuia mwanga, mwani ulio chini hushindwa kutengeneza oksijeni, na kufikia alfajiri utawaona perege wamepanda juu wakihema. Lakini ukiiua lemna kwa dawa, yote huzama na kuoza kwa pamoja, na uozo huo hula oksijeni ileile kidogo iliyobaki, huku rutuba yote ikirudi majini kuotesha utando mpya. Ni sawa na kudeki sakafu huku bomba likiwa wazi.

Mimi niliamua kuivuna. Nilishona chandarua kuukuu kwenye fremu ya mianzi, nikaanza kuikusanya kila asubuhi, na majirani wakacheka kwa sauti ili nisikie. Kisha nilichimba kidimbwi chenye kina kifupi kando ya bwawa, nikakijaza maji yaleyale machafu ya samaki, nikaihamishia lemna huko. Vipande vya mianzi vinavyoelea hukigawa kidimbwi katika vyumba vidogo, maana upepo ukiachiwa huisukumia lemna yote upande mmoja, ikalundikana na kufa. Tangu hapo sehemu kubwa ya chakula cha perege wangu inatoka hatua chache kutoka walipo, na mashudu na dagaa ninaonunua vimepungua sana. Katika mavuno ya msimu huu akina mama wachuuzi kutoka Morogoro walifika wenyewe bwawani, na kabla ya adhuhuri hapakubaki samaki wa kuuza. Jirani aliyecheka kuliko wote alikuja na ndoo kuomba mbegu ya lemna. Nilimpa, ijapokuwa nilikumbuka kila kitu.

Wapo watakaosema huu ni ufugaji wa kimaskini. Lakini miaka ya 1990, huko Mirzapur nchini Bangladesh, maji machafu ya hospitali yalipitishwa katika mfereji mrefu uliojaa lemna, yakasafishika, na lemna iliyovunwa ikalishwa samaki wa mabwawa ya jirani. Wenzetu walithamini kile ambacho sisi tunashauriwa kukipulizia sumu, na inaniuma kuona mfugaji anatoa fedha yake ya mwisho kununua chupa ya dawa huku chakula kikielea mbele ya macho yake.

Basi vuna kila siku, na uache tabaka la kutosha kufunika kidimbwi, kwa kuwa pasipo na lemna mwani huchukua nafasi. Vuna hata siku ambayo huna haja nayo. Itazame mizizi: ikiwa mirefu, maji yana njaa ya rutuba, na protini itakuwa ndogo, ikiwa mifupi na majani yameiva kijani, protini yaweza kufika asilimia 35 au zaidi ya uzito mkavu. Kumbuka kwamba lemna mbichi ni maji matupu kwa zaidi ya asilimia 90, hivyo ndoo moja iliyojaa si chakula kingi kama inavyoonekana. Vifaranga vya samaki, na pia kambale, wanahitaji chakula kingine pamoja nayo. Ukitaka kuikausha, ikaushe kivulini.

Na usiitoe kamwe kwenye mitaro ya mjini au mito inayopokea maji ya viwandani, kama Msimbazi. Lemna hufyonza risasi na kadimiamu kwa wepesi uleule inaofyonza mbolea, na samaki atakayeila ataishia katika sahani ya mtoto wa mtu. Dada wa Mkuranga, anza na ndoo moja tu kutoka bwawa lako mwenyewe, punguza pumba kwa sasa, na uelekeze kwingine maji ya banda la kuku kabla ya mvua za masika.