Masta ya uhandisi wa bahari kwa mtoto wa Kivu

Ndugu wa Bukavu, unasema una lisansi (shahada ya kwanza) ya ujenzi, unaitamani masta ya uhandisi wa bahari, na nyumbani wanakuuliza utaifanyia nini wakati hatuna bahari. Mimi ni wa Goma, na swali hilo nililisikia mpaka siku ya kupanda ndege. Nilisoma Nantes, Ufaransa, nikarudi. Nenda, ila nenda na ziwa letu la Kivu kichwani.

Barua yangu ya kwanza ya maombi ilisifu bahari ambayo sikuwahi kuiona kwa macho. Nikakataliwa. Mwaka uliofuata, kila nilipopanda boti la Goma–Bukavu, nilihesabu kwa simu sekunde za kuyumba: linalala kulia, linalala kushoto, linarudi. Siku moja boti la upana wa mita 5 hivi lilitumia sekunde 4. Tulipofika mwalo wa kisiwa cha Idjwi wakaingia akina mama na magunia ya makala (mkaa), na kwa kuwa chini kulijaa, yakapangwa juu. Nikahesabu tena: sekunde 6. Mzee jirani yangu akashukuru kwamba sasa limetulia. Mimi nilikuwa nimeingiwa na baridi, maana boti linaloyumba polepole ndilo lililoishiwa nguvu ya kujiinua. Kuna kipimo cha nguvu hiyo, kimo cha metasenta. Kwa hesabu ya kukadiria, kutoka sekunde hizo na upana wa boti, kilikuwa kama mita 1, kikashuka chini ya nusu mita, kwa magunia tu.

Barua ya pili niliijenga juu ya namba hizo. Wakanipokea.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wa ufukoni wakiangalia. Tangu siku hiyo sijaona haja ya kumweleza mtu kwa nini nilisomea hayo.

Kuhusu masomo yenyewe: kitakachokutesa ni hisabati. Rudia milinganyo tofautishi, uchanganuzi wa Fourier na mekanika ya vimiminika kabla ya kuondoka, na ujue kuandika programu kwa Python. Kiingereza pia, hata ukienda Ufaransa, kwa sababu masta nyingi za fani hii hufundishwa kwa lugha hiyo. Pale École Centrale ya Nantes kuna bwawa la mawimbi la mita 50 kwa 30, kina mita 5. Unaagiza wimbi unalotaka, linakuja kupiga mfano wa chombo chako. Ada isikuvunje moyo: fuatilia ufadhili wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, maombi mengi hupokelewa kati ya Oktoba na Januari.

Kazi zipo. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, kituo cha KivuWatt kinazalisha megawati 26 kwa methani inayovutwa na jukwaa linaloelea, kwa mabomba yanayoshuka zaidi ya mita 300. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa bahari, kwenye maji haya haya. Na bahari tunayo, kipande kidogo huko Muanda, magharibi mwa Kongo. Bandari ya Banana, huko huko, ilianza kujengwa 2022.

Ukivuka kuja Goma wiki hii, kaa katikati ya boti, pima sekunde za miyumbo 10, gawa kwa 10. Niandikie hapa sekunde na upana wa boti, nitakuonyesha namna ya kuianza barua yako.