Kabla hujampeleka mtoto mdogo sinema

Kitu cha kwanza kinachomkuta mtoto mdogo ndani ya ukumbi wa sinema ni giza. Cha pili ni sauti inayotikisa kifua. Filamu yenyewe inafuata baadaye, ingawa wazazi wengi huwa tunahangaika nayo hiyo tu: katuni gani, tiketi bei gani. Nimewapeleka wanangu wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na nasema kwa moyo mmoja: mzoeshe mtoto giza na sauti kwanza.

Sisi wa Bagamoyo tuna pa kuanzia. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa, ina ukumbi wa maonyesho, na tamasha lake la kila mwaka linaleta ngoma na sarakasi hadi usiku. Taa zinamulika jukwaa, watazamaji wako gizani. Mtoto anajifunza kukaa kati ya watu asiowajua, na akichoka, bodaboda inamrudisha nyumbani mara moja. Mwanangu wa kwanza aliziba masikio ngoma zilipoanza. "Mama, mbona wanapiga kwa nguvu hivyo?" Nikambeba hadi karibu na jukwaa akaione mikono ya wapigaji. Alipojua sauti inatoka wapi, aliachia masikio mwenyewe.

Tangu hapo, sinema nafanya vilevile. Tunaingia mapema taa zikiwa bado zinawaka, namwonyesha zile spika za ukutani, mlango wa kutokea, na njia ya kwenda chooni. Tunakaa pembeni mwa safu, mbali na skrini. Halafu namwambia wazi: "Sasa hivi watazima taa, mimi niko hapa hapa." Jihadhari na vionjo vya filamu nyingine vinavyotangulia. Huwa vina kelele kuliko katuni yenyewe, na si vyote vinawalenga watoto.

Umri je? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini. Katuni ya sinema mara nyingi inafika dakika 90. Kwa hiyo mimi nangoja mpaka mtoto afikishe miaka mitano, na mdogo wake anabaki kwa shangazi. Jamaa watasema unambagua. Waache waseme.

Kwetu kuna jambo jingine, safari. Sinema tunaifuata Dar, mara nyingi kwenye jengo la maduka la Mlimani City. Kutoka stendi ya Bagamoyo unapita Kerege, Mapinga, Bunju, Tegeta hadi Mwenge, zaidi ya kilomita 50, na foleni za kule mbele unazijua. Mtoto akifika ameshachoka, ataingia ukumbini akiwa mkali au asinzie. Chagua onyesho la mchana, ondokeni asubuhi, na mkifika apewe muda wa kukimbia kimbia na kula chakula kamili. Beba sweta au kanga, kwa sababu kiyoyozi kinauma. Bisi ni tamu, lakini madaktari wa watoto wanaonya kwamba chini ya miaka minne zinaweza kumkaba, na hiyo nayo ni sababu ya kumwacha mdogo nyumbani.

Katuni nyingi zinaonyeshwa kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza haambulii kitu. Hapa ndipo bibi yao anapotusaidia sana. Usiku wa kuamkia safari nasimulia kisa chote kwa namna ileile ya bibi: "Hadithi, hadithi!" Nao wanaitika, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Nataja nani mwema, nani mbaya, na nani atakufa, maana baadhi ya katuni zinaanza na mzazi kufariki, na hilo mtoto hulibeba moyoni. Mwisho wake nao nausema. Mtu mzima atalalamika kwamba utamu umeisha, lakini mtoto haumii. Hadithi moja ataitaka usiku baada ya usiku, na kila mara atafurahi akijua kinachofuata. Ukumbini bibi anamnong'oneza kidogo tu pale anapopotea. Angalia pia umri ambao Bodi ya Filamu imeupangia filamu hiyo kabla ya kulipa.

Akianza kulia, toka naye. Najua nauli imelipwa, tiketi imelipwa, na wenzake wanataka kuendelea. Ndiyo maana naenda na mtu mzima wa pili, ili mmoja atoke na mwingine abaki. Binti yangu wa kati alitoka kabla ya nusu, tukakaa nje tukila chipsi mayai, na sikumlazimisha kurudi wala sikumwita mwoga. Likizo iliyofuata ndiye aliyeomba kwenda. Mtoto unayemshikilia kitini akitetemeka atajifunza kwamba mama yake haamini hofu yake, na hilo litamfuata hata nje ya sinema.

Kama unapanga likizo ya Juni, achana na Jumamosi na siku za Idi, kumbi zinafurika na mistari ya choo inakuwa mirefu. Nendeni siku ya kazi, onyesho la kwanza, na mtoto aende chooni kabla hamjaingia hata akisema hana haja.