Mzee Ojwang hakuwa Mjaluo

Ukiuliza kama Mzee Ojwang, mchekeshaji wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga nchini Kenya, alikuwa Mjaluo, jibu ni hapana. Jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Ule Ujaluo ulikuwa uigizaji mtupu, na ndiyo maana namheshimu sana: lafudhi ile, "sh" ikigeuka "s", aliishikilia miaka na miaka bila kuteleza, hata akiwa katikati ya kugombana na Mama Kayai. Wajaluo wenyewe walimchukua kama mtu wao.

Na huyo Mama Kayai, Mary Khavere, alikuwa mkewe kwenye kipindi tu, si nyumbani. Wengi huchanganya hapo kwa sababu walionekana pamoja KBC, runinga ya taifa ya Kenya, kwa muda mrefu mno.

Nimekulia kwenye vipindi hivyo, lakini usinitegemee mimi. Tafuta magazeti ya Julai 2015, alipofariki Hospitali ya Kenyatta akiwa na miaka 78. Karibu yote yaliandika jina lake kamili. Utasoma pia jinsi macho yalivyomsumbua uzeeni, Wakenya wakamchangia pesa za matibabu. Inauma kwamba mtu aliyechekesha nchi nzima alihitaji mchango.