Jibu: Bunduki ya plazma inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama kuna siku tutaona bunduki inayorusha plazma badala ya risasi. Plazma yenyewe, yaani gesi iliyopata moto mkali hadi atomi zake zinaachia elektroni, si ajabu. Pita Ngamiani hapa Tanga umwone fundi anayechomelea geti: ule mwanga unaokufanya ugeuze uso ndiyo plazma, na joto lake linapita nyuzi 5,000. Sasa avute kijiti sentimita chache tu kutoka kwenye chuma, pu, imezimika! Shida iko hapo. Ni gesi ya moto, ikitoka hewani inatanuka na kupoa kabla haijafika popote. Marekani walijaribu kurusha pete za plazma miaka ya 1990, mradi wa MARAUDER, kwa rundo la kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme na kuutoa kwa mpigo) ambalo hubebi begani ng'o. Silaha ya leza, inayorusha mwanga mkali, angalau ipo; 2014 Marekani waliifunga kwenye meli yao ya kivita USS Ponce.