Harusi Dripping Springs, halafu miamba: usiibane siku moja

Dada, kama nimekuelewa, harusi ni Jumamosi jioni kwenye ranchi ya Dripping Springs, Texas, na mchana wake unataka kumzungusha mama aone ranchi nyingine na ile miamba ya ajabu. Mimi ningeisogeza safari hadi Jumatatu. Wikendi Enchanted Rock, ile hifadhi yenye mwamba mkubwa, hujaa, na asiyeweka nafasi mapema anaweza kugeuzwa langoni.

Shikeni barabara ya 290 kuelekea magharibi, mpite Johnson City hadi Fredericksburg. Ranchi za harusi mtaziona njiani, ingawa nyingi ni lango na kibao tu. Fredericksburg ingieni barabara ya 965, kaskazini, hadi Enchanted Rock.

Mwamba wenyewe ni kuba la graniti ya waridi, mita 130 hivi kutoka chini, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Uso wake hubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, ndiyo maana mtaona mabamba makubwa yameteleza ubavuni. Pandeni asubuhi na maji ya kutosha, kivuli hakuna. Mama kwa kuwa ana presha, amuulize daktari wake kwanza.

Mkipata muda, piteni Willow City Loop, barabara ya mandhari ya kilomita 21 hivi, maua yake ni Machi na Aprili. Pande zote ni mashamba ya watu, msiegeshe wala kuruka uzio. Mvua ikinyesha na maji yakapita juu ya barabara, geuzeni, hata yakionekana machache. Pakueni ramani kabla, mtandao hukatika. Na rudini kabla ya giza, kulungu huvuka ovyo.